Kiti Imechoka

Papa Mwamba alichukuliwa na watu wa Chama kwa sababu ya mbao mbichi. Nimejaribu miaka mingi kulieleza jambo hili kwa namna nyingine, ndefu zaidi, yenye heshima zaidi, lakini kila mara linarudi palepale: fremu ya mbao ilivimba kwa mvua, uso wa Rais ukakwama nusu kwenye ukuta mweupe wa sinema ya mtaa wa Mikelenge, na kando yake, kwa herufi nilizochora kwa mkono wangu, yakabaki maneno KITI IMECHOKA? LETA, TUNABADILISHA. Watu wote ukumbini walikuwa wamesimama, kwa maana uso ule ulipotokea ilikuwa lazima kusimama, na hakuna aliyejua kama nusu ya uso inaruhusu kukaa.

Nayaandika haya sasa kwa kuwa juma lililopita tulimzika Fundi Ramazani, seremala, mtu ambaye nusu ya vitanda vya mji wetu wa Kindu vimetoka mikononi mwake. Kilioni, wanawake tuliketi juu ya mikeka nyuma ya nyumba, na Mama Mbuyi, mke wa Papa Mwamba, akaja polepole akishikwa mkono na mjukuu wake. Mazungumzo yakapungua. Wazee waliokuwa pale walijua kilichokuwa kati ya nyumba hizo mbili, na walitaka kuona atakaa wapi na kama atagusa chakula. Alikaa karibu nami, akaomba sahani, akala wali mpaka ukaisha. "Alikuwa anajua kazi," akasema juu ya marehemu. Nilirudi nyumbani na mwaka ule wote kichwani mwangu, nikaona ni afadhali niuweke kwenye karatasi ukiwa bado na mpangilio.

Ulikuwa mwaka uliofuata maduka ya wageni kutwaliwa na kupewa wenyeji. Sinema ilikuwa ya Mgiriki. Sasa ikawa ya Sitwayen Kitenge, mtu wa sauti ndogo, mwenye abakosti, lile koti lisilo na tai, ya kijani, iliyofungwa vifungo mpaka shingoni, ambaye nadhani hakuwa amewahi kuingia sinema kabla ya kupewa moja. Wakati ule hakuna aliyekuwa bwana wala bibi. Tulikuwa wote sitwayen, yaani raia, hata tulipotukanana kwenye bomba la maji. Mgiriki alipoondoka alibeba kila chuma kidogo kilichoweza kuingia sandukuni. Mashine ya filamu aliiacha kwa uzito wake, na taa ya matangazo kwa uzee wake, lakini pasevi aliibeba. Pasevi ni fremu yenye madirisha mawili, inayopita ndani ya taa nyuma ya lenzi. Kioo kimoja kikiwa mbele ya mwanga, dirisha la pili liko nje. Unabadilisha kioo kwa vidole, kisha unasukuma, na watu wanaona tangazo jingine. Bila pasevi hakuna matangazo, na bila matangazo Sitwayen Kitenge hakuwa na namna ya kupata mafuta ya jenereta.

Mimi niliingizwa kazini kwa ajili ya mwandiko. Nilikuwa nimemaliza shule kwa masista, nina miaka ishirini, na herufi zangu zilisimama wima bila kupigiwa mstari. Chumba cha kazi kilikuwa juu, nyuma ya ukumbi; ulipanda kwa ngazi ya chuma iliyochoma mikono saa za jua. Kilikuwa na dirisha moja dogo kuelekea stesheni, meza moja, na harufu ya vumbi lililoungua juu ya taa. Hapo, mchana, nilichora matangazo ya maduka juu ya vioo vya ukubwa wa kiganja. Vioo vipya havikupatikana Kindu. Tulichukua vya mpiga picha wa jirani aliyefunga studio yake, masanduku ya picha za zamani, na kazi yangu ya asubuhi ilikuwa kuvilowesha katika beseni la soda na maji ya moto mpaka watu watoke. Niliwaangalia wakitoka: bibi arusi, mtoto wa komunyo, makarani wa reli walioshikana mabega. Utando ulilegea, ukainuka juu ya maji kama ngozi ya maziwa, na kioo kikabaki kitupu. Nyekundu tuliomba dispansari, ile dawa ya vidonda. Buluu ilikuwa buluu ya kufulia. Nyeusi ilikuwa wino. Ukimaliza unafunika kwa kioo cha pili na kubandika karatasi nyeusi pembezoni.

Miezi ya kwanza sikuchora kitu kipya. Nilikwangua majina. Majina ya ubatizo yalikuwa yamekatazwa, kwa hiyo Yosefu kinyozi, Alberti fundi wa cherehani, duka la Mama Tereza, wote walipita chini ya wembe wangu wakatoka na majina ya babu zao. Papa Mwamba mwenyewe alikuwa Gabrieli. Mkewe alisahau mara kwa mara, akaita "Gabi" kutoka jikoni, kisha akatazama dirishani kuona nani anapita.

Nilikula kwao kila adhuhuri. Walikaa kambi ya reli, nyumba ya matofali ya vyumba viwili, kwa sababu Papa Mwamba alikuja kutoka Kasai kama fundi wa umeme wa reli, na sinema ilikuwa kazi yake ya jioni: yeye ndiye aliyeendesha mashine na taa. Mama Mbuyi alisonga bukari ngumu, ugali wetu, akaweka sombe ya majani ya muhogo na samaki wa mto Lualaba waliokaushwa, na aliyekawia alikuta mifupa. Aghalabu Fundi Ramazani alifika chakula kikiwa kinapakuliwa. Waliitana shemeki, ingawa hakuna aliyeoa dada ya mwenziwe. Mmoja Mukasai wa misa ya asubuhi, mwingine mwana wa Waungwana wa Kindu asiyekosa Ijumaa. Vioo vya taa huingizwa kichwa chini, kwa kuwa lenzi hugeuza, na Ramazani hakuchoka na jambo hilo.

"Shemeki, weye uko popo," alisema. "Bantu bote banaweka muntu kichwa juu, weye unaweka miguu juu."

Papa Mwamba alijibu kwamba ndiyo sababu picha zake zinasimama na meza za Ramazani zinalala. Mama Mbuyi aliwaambia wote wawili wale, samaki anapoa. Najua mazungumzo kama hayo hayana maana yoyote. Lakini nimeishi muda mrefu baada yake, na sijakaa tena kwenye meza ambapo watu wawili walikuwa na uhakika kiasi kile kwamba kesho watakuja tena kutukanana.

Pasevi mpya aliitengeneza Ramazani. Sitwayen Kitenge aliitaka upesi, kabla ya sikukuu ya Chama, na mbao kavu zote za mji zilikuwa zimekwenda kwenye mabenchi ya sikukuu hiyohiyo. Ramazani akachukua ubao uliotoka msumenoni siku chache tu kabla. Kazi yenyewe ilikuwa safi. Madirisha mawili yalikuwa sawa, kingo laini kama sabuni. Papa Mwamba aliipeleka puani, akanusa.

"Hii mbao ingali inakunywa maji," alisema.

"Itakauka ku taa yako," Ramazani akajibu.

Badala ya malipo alipewa tangazo, na alichagua liwe la mwisho, kabla tu ya picha ya Rais, kwa sababu, alisema, watu wanasahau la kwanza na kukumbuka la mwisho. Alikuja juu kunitajia maneno. Alikaa kwenye sanduku, kofia gotini. Nilimwambia masista walitufundisha kusema kiti kimechoka.

"Masista banaikala ku kiti ya namna gani?" akaniuliza. "Andika vile bantu banasema."

Nikaandika vile watu wanavyosema. Upande wa kushoto wa kioo nilichora kiti cha miguu mitatu, wa nne umevunjika, na upande wa kulia nikapanga maneno, mstari juu ya mstari. Kilipoonyeshwa mara ya kwanza watu walicheka vizuri, na kesho yake viti vilifika kwa Ramazani vikiwa vichwani mwa watoto. Kwa majuma kadhaa kilikuwa tangazo lililopendwa kuliko yote. Uso wa Rais ulikuja baada yake, kioo kilicholetwa kutoka mji mkuu, chenye kofia ya chui, na Sitwayen Kitenge alitukumbusha kila jioni: uso ule usikatwe, usifunikwe, usicheleweshwe.

Jioni ninayoisema mvua ilikuwa imenyesha tangu adhuhuri. Ukuta wa chumba ulitoa jasho. Nilikuwa nimebaki juu kwa sababu sikuwa na mwavuli. Matangazo ya kwanza yalipita kwa shida, na Papa Mwamba akawa anasukuma kwa mikono miwili akinung'unika kwa Kiluba. Kioo cha Ramazani kikaingia. Kisha akasukuma uso wa Rais, nao ukafika nusu ya njia ukasimama. Watu chini waliona jicho moja na nusu ya kofia, wakainuka, viti vikalia sakafuni. Sehemu ya kioo cha Ramazani iliyobaki mbele ya mwanga ilikuwa ile yenye maneno. Kiti, ambacho ndicho kilichoyapa maneno yale maana yake, kilikuwa kimekwisha kupita nje ya mwanga.

Nilimwambia azime taa. Hakugeuka, vidole vyake vilikuwa vinaungua kwenye bati.

"Feza," akasema, "nikizima, batasema nimemuzima."

Hapo ndipo sauti ilipotoka kwenye mabenchi ya nyuma, sauti ya mwanaume, ya utulivu kabisa, kama mtu anayeuliza saa.

"Papa Mwamba, tuikale, ao tungoje ingine?"

Kicheko kilianza kwenye mabenchi, kikaja mbele safu kwa safu, kikakatika kwenye viti vya kwanza walipokaa watu wa Chama. Papa Mwamba akasukuma mara moja kwa bega, fremu ikalia, uso ukaingia mzima. Haikusaidia tena. Nilisikia ngazi ya chuma ikipandwa kabla filamu haijaanza. Aliyesema maneno yale hakujulikana, maana benchi zima liliapa halikusikia kitu. Aliyekuwa na taa alijulikana. Walimshusha, wakabeba na pasevi.

Kwa majuma yaliyofuata Mama Mbuyi alipika kama kawaida, akafunga sufuria kwa kitambaa, akaipeleka kwenye ofisi ya Chama, akairudisha tupu bila kujua nani amekula. Nilimsindikiza. Kwenye veranda wake za wafanyakazi wa reli walizungumza juu ya bei ya chumvi mpaka tulipopita, na tukisha kupita waliendelea na jambo jingine, kwa sauti ya chini. Ramazani hakuja tena adhuhuri. Pasevi iliwekwa kwenye kizingiti cha dirisha la ofisi ile, nje, kama ushahidi, ili kila mtu aione. Niliiona kila siku tulipopita. Mvua zilikuwa zinakwisha. Mwezi wa sita ukaingia na jua lake kavu, fremu ikalala pale juani asubuhi mpaka jioni, na kwa ujinga wangu nilifurahi kwamba hawajaitupa, kwa maana niliamini ndiyo itakayomtetea.

Siku ya kuulizwa mtaa mzima uliitwa kwenye ukumbi wa Chama. Papa Mwamba alikuwa amekonda na suruali yake ilishikwa kwa mkono. Alieleza polepole, jinsi alivyoeleza mambo ya umeme: mvua, mbao, kuvimba. Mkubwa wa Chama alisikiliza bila kumkatiza. Kisha akaweka pasevi ndani ya taa ya sinema, iliyokuwa imeletwa mezani, akaisukuma kwa kidole kimoja. Ikapita. Akairudisha. Ikarudi. Alifanya hivyo mara nyingi, taratibu, na ukumbi mzima ulisikia sauti ile ndogo laini ya kazi iliyofanywa vizuri.

"Sitwayen Mwamba," akasema, "inakwama wapi?"

Nilisimama. Nilisema kwamba siku ile kulikuwa na mvua, na kwamba mbao imekaa juani tangu pale. Mkubwa aliniuliza kama masista walinifundisha pia useremala. Watu walicheka, wakifurahi kupata kitu kilichoruhusiwa kuchekwa, nikakaa. Ndipo akaitwa Ramazani. Nimeifikiria hali yake mara nyingi kuliko yangu. Kama angesema mbao ilikuwa mbichi, wangesema aliutegea uso wa Rais mtego, na maneno yale pia yalikuwa yake. Nyumbani alikuwa na watoto wadogo na mama kipofu. Aliichukua fremu, akaigeuza, akapitisha kidole gumba kwenye ukingo. Hakumtazama Papa Mwamba.

"Mbao hii ni kavu, sitwayen," akasema.

Ilikuwa kweli. Mahali pale, saa ile, hakuna neno la kweli zaidi lililosemwa na mtu yeyote. Papa Mwamba alimtazama rafiki yake, na kwa sauti ambayo mimi niliisikia kwa sababu nilikuwa karibu, akasema: "Leo njo kavu." Mkubwa akamtaka arudie. Hakurudia.

Alipelekwa kusini kwa treni ya mizigo. Tulifika stesheni mabehewa yakiwa yamefungwa. Askari mmoja alipokea sufuria ya Mama Mbuyi akaenda nayo kandokando ya treni, akarudi bila sufuria, na hakutaka kusema ameiacha behewa gani. Mama Mbuyi alisimama akiyatazama yote, moja baada ya jingine, mpaka la mwisho lilipopita kona.

Baadaye zilikuja habari, na kila habari iliua iliyotangulia. Dereva mmoja alisema hakufika hata stesheni ya Kibombo. Mchuuzi mmoja akasema yuko Tunda, anatengeneza redio. Mama Mbuyi akaenda mpaka Tunda, akamkuta Mukasai mwingine, mwenye mguu mmoja, aliyemhurumia na kumpa maji. Gerezani walisema hawana jina hilo. Watu wa ukoo wa mumewe walikuja kutoka Kasai kumtaka afanye kilio, avae nguo ya ujane na kuivua, mambo yaishe. Aliwapikia, akawalaza, akawasindikiza stesheni bila kukubali. Sinema ikafungwa jenereta ilipokufa. Sitwayen Kitenge akauza viti. Chama nacho kilikufa, na yule mkubwa wake alizeeka salama, akawa mtu wa kwaya. Ramazani alimpelekea Mama Mbuyi meza, baadaye kabati, baadaye kitanda, binti wa nyumba ile alipoolewa, bila kuombwa na bila kuingia ndani. Aliviweka mlangoni na kuondoka. Mama Mbuyi hakuvikataa. Walipokutana njiani waliulizana hali za watoto. Nilisubiri miaka yote hiyo mmoja wao aseme neno, kama mwandishi anavyosubiri, na sasa mmoja yuko kaburini na neno halikusemwa.

Nilifikiri hapo ndipo habari ingeishia. Lakini pale kilioni kwa Ramazani, alipokwisha kunawa, Mama Mbuyi aliniuliza kama mkono wangu bado unaandika. Mjukuu wake, yule aliyemshika mkono, anaoa mwezi ujao. Kadi za mwaliko zinaanza kwa majina ya wazee wa pande zote mbili, na mzee aliyefariki huandikwa marehemu mbele ya jina lake. Watoto wa Mama Mbuyi wameamua neno hilo liandikwe. Wakwe wanauliza, na wao wamechoka kujibu. Wamemwachia yeye kupeleka maandishi kwa mchapaji.

"Bakiandika marehemu, mimi njo nimemuzika," alisema. "Bakiacha, bantu ba arusi batauliza: iko wapi? Weye ulikuwa pale, Feza. Andika weye."

Nilimwuliza yeye anataka nini. Alitazama mikeka, wanawake waliokuwa wanakusanya sahani, akasema hajui, na kwamba angekuwa anajua asingeniomba.

Nimeandika kadi yote: majina ya bibi na bwana arusi, kanisa, ukumbi, saa ya chakula. Mchapaji aliniita tena jana. Herufi zote amezipanga, anasema, isipokuwa nafasi moja mbele ya jina la Mwamba, na anataka kujua kama kuna neno linaingia pale au asogeze jina.